Tayarisha Dohani Yako Kabla ya Msimu wa Vimbunga

Msimu wa vimbunga vya Atlantiki huanza tarehe 1 Juni na kumalizika tarehe 30 Novemba. Katika miezi ya joto meko ya kuni hayawashwi, na dohani husahaulika. Hata hivyo, katika baadhi ya nyumba hita ya maji ya gesi hutolea moshi wake katika dohani hiyo hiyo. Dohani ikizibwa na matofali au matawi yaliyoangushwa na upepo, gesi ya kaboni monoksidi hurudi ndani. Gesi hiyo haionekani wala haina harufu, na huweza kuua watu wakiwa usingizini.

Kabla ya msimu
• Dohani ikaguliwe na fundi aliyehitimu, angalau mara moja kwa mwaka.
• Hakikisha kifuniko cha juu kimefungwa imara, na maungio ya dohani na paa hayavuji.
• Weka king'ora cha kaboni monoksidi chenye betri karibu na vyumba vya kulala.

Baada ya kimbunga
• Usipande juu ya paa. Itazame dohani kutoka chini.
• Ikiwa imeinama, imepasuka au imepoteza kifuniko, usiwashe meko wala hita hadi fundi aikague.
• King'ora kikilia, au watu wa nyumbani wakiumwa kichwa, wakiona kizunguzungu au kichefuchefu, tokeni nyote nje mara moja, kisha piga simu 911. Taja lugha yako na uombe mkalimani.