Benchi la Urafiki

Benchi la Urafiki (kwa Kishona: Chigaro Chekupanamazano, yaani "kiti cha kupeana ushauri") ni huduma ya tiba ya mazungumzo iliyoanzishwa mwaka 2006 huko Mbare, mtaa wa jiji la Harare nchini Zimbabwe. Mwanzilishi wake ni Dixon Chibanda, daktari wa magonjwa ya akili. Wanaotoa tiba ni wanawake wazee wasio na elimu ya udaktari, kwa hiyo huduma hii hutajwa mara nyingi kama mfano wa kukasimu kazi ya kitaalamu bila kuacha kuisimamia.

Chanzo

Mwaka 2005 mgonjwa mmoja wa Chibanda, binti kijana, alijiua. Familia yake iliishi mbali na ilikosa nauli ya basi, kama dola 15, ya kumrudisha hospitalini. Zimbabwe ilikuwa na watu zaidi ya milioni 12, lakini madaktari wa magonjwa ya akili hawakufika 20. Tatizo halikuwa uhaba wao tu, bali pia kwamba walikaa hospitalini wakisubiri wagonjwa wasioweza kufika.

Chibanda alipotaka kuanzisha huduma Mbare aliambiwa kwamba wauguzi wamezidiwa na vyumba vya kliniki vimejaa. Alipewa bibi 14, ambao tayari walikuwa wahudumu wa afya wa jamii, na nafasi nje ya jengo. Hivyo uamuzi wa kuwakabidhi kazi ulitokana kwanza na kukosa njia nyingine.

Jina

Mwanzoni Chibanda alitaka liitwe benchi la afya ya akili. Akina bibi walilikataa jina hilo, kwa kuwa hakuna ambaye angekubali kuonekana ameketi hapo. Jina likabadilishwa. Badala ya kusema sonona, wao hutumia neno la Kishona kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, karibu sawa na Waswahili wanaposema kwamba mtu "ana mawazo". Ni vigumu kuona jinsi benchi lingepata watu kama daktari angeng'ang'ania jina lake.

Mgawanyo wa kazi

Anayefika huulizwa maswali 14 ya dodoso lililotungwa kwa Kishona. Akionekana kuhitaji msaada, huketi na bibi kwa vikao visivyozidi sita vya tiba ya kutatua matatizo, ambayo ni tawi la tiba za tabia na fikra. Humimina yaliyo moyoni, huchagua tatizo moja, hutafuta hatua anayoweza kuitekeleza, kisha hurudi kueleza ilivyokwenda. Bibi hamwamulii la kufanya. Mafunzo yake huchukua siku chache tu, kwa kuwa amekabidhiwa sehemu moja ya tiba iliyoandikwa hatua kwa hatua, si udaktari wote.

Hatari haikukasimiwa. Mtu akionyesha dalili za kutaka kujiua, bibi humpeleka kwa msimamizi, ambaye anaweza kumfikisha kwa daktari. Wasimamizi pia hukutana na akina bibi kujadili kesi zinazowasumbua. Bila hilo, anayesikiliza shida za watu kila siku angechoka au kuanza kubuni tiba yake mwenyewe.

Matokeo na kuenea

Chibanda hakuikuza huduma haraka. Ilipita miaka kumi kabla ya utafiti wa watu 573 katika kliniki 24 za Harare kuchapishwa, mwaka 2016, katika jarida la tiba la JAMA. Baada ya miezi sita, takriban 14% ya waliohudumiwa na akina bibi walikuwa na dalili za sonona, dhidi ya 50% ya waliopata huduma ya kawaida. Baadaye huduma ilifikishwa katika kliniki zaidi ya 70 za Harare, Chitungwiza na Gweru.

Mfumo huo umeigwa pia Malawi, Zanzibar na New York. Huko New York walioketi benchini hawakuwa akina bibi pekee, bali pia watu waliowahi kupitia matatizo ya akili au uraibu wao wenyewe.