Jina Likishikana na Ugonjwa

Sogeeni, wajukuu zangu, niwasimulie habari ya msichana mmoja wa Mkuyuni, jijini Mwanza. Tumbo lilimsumbua wiki nzima, choo chake kikaonyesha damu. Mama yake akampeleka zahanati, akapimwa, akakutwa na kichocho. Akapewa vidonge vya praziquantel, wakarudi nyumbani.

Kwamba kichocho kipo Ziwa Victoria si siri. Vijidudu vyake hukua kwanza ndani ya konokono, kisha huingia majini na kupenya ngozi ya anayeoga, anayefua au anayevua. Hayo hufundishwa darasani na kutangazwa redioni, na yafaa yatangazwe kila siku.

Sasa, kwenye foleni ya zahanati alikuwepo mwanafunzi mwenzake. Kesho yake akawaambia wenzake: "Jina sitaji, lakini yule anayekaa dawati la dirishani, jana alikuwa anapima choo." Je, alitaja jina? Hakutaja. Je, kuna asiyemjua? Hakuna! Wakamcheka hadi kengele ya kutoka. Siku ya kurudi kupimwa ilipofika, msichana alikataa katakata kwenda.

Ugonjwa ukizungumzwa peke yake ni elimu. Ukishikana na mtu anayeweza kutambulika, umekuwa habari yake yeye. Na habari hiyo ni pana kuliko jina la ugonjwa: majibu ya vipimo, dawa anazomeza, alichomweleza daktari, namba ya faili, picha yake akiwa wodini, hata siku yake ya kliniki. Habari njema nayo ni yake: mama mjamzito ndiye wa kutangaza ujauzito wake.

Wanaomtibu mgonjwa wanajua habari zake kwa sababu ya kazi, na kazi hiyo ina mipaka. Sheria ya UKIMWI ya Tanzania ya mwaka 2008 imeagiza majibu ya kipimo cha VVU yawe siri. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, imezihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Mgonjwa mwenyewe akitaka kusimulia yake, hiyo ni haki yake.

Basi mkienda hospitali ya Bugando au ya Sekou Toure kumwona ndugu, acheni simu mfukoni, msipige picha wodini. Na mkiulizwa mtaani mlimwona nani huko, jibuni kwamba mliwaona wagonjwa, mkaishie hapo.