JELI YANASA RANGI, CHUMVI YABAKI

Biashara ya kusafisha maji taka ya viwanda vya nguo kwa jeli imeanza kuwavutia wenye mitaji midogo. Kabla ya kuulizia bei, mnunuzi hana budi kujua rangi inayotolewa kiwandani ina chaji gani ya umeme, hasi au chanya.

Jeli hiyo ni nyuzi nyembamba zilizofungamana kama wavu na kujaa maji. Rangi huingia pamoja na maji, kisha hunata juu ya nyuzi. Hunata vizuri pale chaji zinapotofautiana, zikifanana, husukumana.

Rangi za riaktivu, zinazotumika sana kwa vitambaa vya pamba, zina chaji hasi. Asilimia 10 hadi 50 ya rangi hizo haishiki kitambaa, huondoka na maji ya suuza. Jeli inayozifaa ni ya kitosani, itokanayo na magamba ya kamba na kaa yaliyopikwa kwa kostiki soda. Katika maji yenye tindikali kidogo kitosani hupata chaji chanya. Tatizo ni kwamba tindikali hiyohiyo huiyeyusha, hivyo watengenezaji hulazimika kuikaza kwa kemikali nyingine, na gharama hupanda.

Wafanyabiashara wa mwani wasiharakishe kushangilia. Mwani unaolimwa kibiashara Zanzibar tangu 1989 hutoa karagenani, ambayo ina chaji hasi. Jeli yake hunasa rangi kama methilini bluu, lakini kwa rangi za riaktivu za pamba haifui dafu.

Lipo pia suala la chumvi, ambalo wauzaji wengi hulipita kimya. Mwezi Januari 2011, Mahakama Kuu ya Madras, India, iliamuru viwanda vya kutia rangi vya mji wa Tiruppur, mashuhuri kwa fulana za kuuza nje, vifungwe kwa kuchafua mto Noyyal. Viwanda vipatavyo 700 vilisimama. Utiaji rangi za riaktivu huhitaji chumvi nyingi, mara nyingi gramu 50 au zaidi kwa lita, na chumvi hiyo ndiyo iliyoharibu mashamba na visima. Jeli haiiondoi. Isitoshe, chumvi ikizidi hudhoofisha mvuto wa chaji, na jeli hunasa rangi kidogo zaidi. Maji yanaweza kutoka meupe kabisa na bado yakaunguza mazao. Ili kufunguliwa tena, viwanda vilitakiwa kuwa na mitambo ya kuchuja chumvi na kuvukiza maji, ambayo ni ghali mno.

Ikilinganishwa na mkaa wa kuchujia, jeli ina sifa moja nzuri kibiashara: ya kitosani huoshwa kwa maji ya kostiki soda na kutumika tena, ingawa kila inapooshwa hupoteza sehemu ya nguvu zake. Mkataba wa ununuzi utaje idadi ya maosho, na nani atakayebeba yale maji mazito ya rangi yanayobaki.