Bukoba si Pwani, na Hiyo Ndiyo Thamani Yake

Ukitajwa ufukwe wa Tanzania, Watanzania wengi huwaza Zanzibar, Pangani au Bagamoyo: minazi, maji ya chumvi na jua kali. Bukoba, iliyo ukingoni mwa magharibi ya Ziwa Victoria, digrii moja na kidogo kusini mwa ikweta, husifiwa kwa maneno hayohayo, kana kwamba ni Zanzibar iliyokosa chumvi. Ikipimwa hivyo lazima ishindwe. Mchanga wake ni mzuri, na Kisiwa cha Musira mbele ya mji kinapendeza, lakini ufukwe ule ni mlango tu. Anayekuja kuota jua siku mbili kisha akageuza njia, Bukoba bado hajaiona.

Lawama ya kwanza huwa ni mvua, nami naona ndipo maelezo yanapopaswa kuanzia. Bukoba hupata takriban milimita 2,000 kwa mwaka, zaidi ya mara tatu ya Dodoma. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, upepo ukatoka nchi kavu kuelekea ziwani, hewa yenye unyevu ikapanda na kufanya mawingu, nazo pepo za mashariki zikayasukuma hadi ukingo wa magharibi. Ndiyo maana mvua hupenda kunyesha alfajiri na asubuhi, na mara nyingi mchana jua likatoka. Joto nalo halichomi, kwa kuwa mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mvua hiyohiyo ndiyo inayokuza migomba, ila haifanyi kazi peke yake. Maji mengi kiasi hicho huosha rutuba ya udongo, na ushahidi ni rweya, zile mbuga za nyasi kati ya kijiji na kijiji. Kibanja kinachozunguka nyumba ya Mhaya, chenye migomba juu na mibuni chini yake, kimejengwa kwa samadi ya ng'ombe na nyasi zilizobebwa kutoka rweya, kizazi baada ya kizazi. Mgeni anayedhani kijani kile ni zawadi ya mbingu tu anawanyima haki waliokifanyia kazi.

Uthibitisho mzito zaidi wa kazi ya watu wa hapa uko Katuruka, eneo la Maruku, si mbali na mji. Huko mwanaakiolojia Peter Schmidt alichimbua mabaki ya tanuri za kuyeyushia chuma za zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, akiongozwa na masimulizi ya wazee wa Kihaya waliojua mahali pa kuchimba. Wageni wengi huambiwa historia ya Bukoba ilianza mwaka 1890, Emin Pasha alipoweka kituo cha Wajerumani, au Juni 1915, Waingereza walipoushambulia mji. Tarehe hizo ni za kweli, lakini ukizilinganisha na Katuruka ni za juzi. Mjini kwenyewe lisiachwe kanisa kuu la Wakatoliki, alimozikwa Laurean Rugambwa, aliyefanywa kardinali mwaka 1960, Mwafrika wa kwanza wa zama hizi kupata cheo hicho. Kusini, Muleba, ambayo sehemu yake kubwa ilikuwa nchi ya Ihangiro, ina milima ya kahawa ya Kamachumu na visiwa vya wavuvi kama Bumbire na Goziba, ambako ziwa ni kazi na riziki kabla ya kuwa mandhari.

Atakayesema safari ni ya hatari hasemi uongo. Meli ya MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 karibu na Mwanza na kuua mamia ya watu. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ilianguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba, wakafa watu 19, na wavuvi ndio waliowahi kuwafikia manusura. Misiba hiyo haifai kufichwa kwa ajili ya biashara. Inadai jambo mahususi: mtumbwi wowote wa kupeleka wageni Musira usiondoke bila maboya ya uokoaji kwa kila abiria, na wavuvi wafundishwe uokoaji na kupewa vifaa. Kichocho nacho kipo ziwani. Konokono wanaokieneza hupenda maji yaliyotulia yenye majani, kwa hiyo kuogelea kwenye mchanga wenye mawimbi hupunguza hatari ingawa hakuiondoi. Aliyeogelea apimwe baada ya wiki kadhaa. Dawa yake, prazikwanteli, inafahamika na inatibu.

Wengi hushauri kuja kati ya Juni na Agosti, mvua inapopungua. Kwa anayetaka ufukwe tu, ushauri huo unatosha. Mimi ningemwelekeza msafiri Novemba, msimu wa senene, panzi wanaoliwa, mibuni na migomba ikiwa imenawiri: asubuhi ya mvua aende kibanjani na mwenyeji anayelipwa kwa kazi hiyo, mchana Katuruka, na ziwa alibakizie jioni.