Utafiti Usikose Msemaji

Katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro, mjini Kakamega, mwanafunzi wa uzamili au uzamivu hana budi kusimama mbele ya watahini aitetee tasnifu yake. Hapo ndipo wengi hutetereka. Mtu anayeijua mada yake kuliko yeyote ukumbini huwapa wasikilizaji mgongo, akasoma slaidi neno kwa neno, sauti ikififia. Akili anayo. Amefundishwa kuandika, hakufundishwa kusema.

Magharibi mwa Kenya hakujakosa mabingwa wa kusema. Miongoni mwa Wabukusu, baada ya maziko ya mzee, msemaji wa kumuse, hotuba ya jadi ya maombolezo, hutembea katikati ya waombolezaji akinena kwa muda mrefu bila karatasi: historia ya koo, miiko, maonyo. Aliwasikiliza waliomtangulia mpaka maneno yakamkaa. Masinde Muliro mwenyewe, ambaye chuo hicho kimepewa jina lake, Mbukusu aliyekuwa mwalimu kabla ya kuingia siasa, alikuwa mmoja wa waasisi wa FORD mwaka 1991, vuguvugu lililodai vyama vingi majukwaani.

Vyuo vya kwingine vimetafuta dawa. Mwaka 2008 Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, kilianzisha shindano ambamo mwanafunzi wa uzamivu hueleza utafiti wake kwa dakika 3, akiwa na slaidi 1 tu, mbele ya watu wasio wa fani yake. Limeenea nchi nyingi, kwa kuwa dakika 3 hazina nafasi ya kujificha nyuma ya istilahi.

Zoezi hilo halihitaji bajeti. Idara itenge saa moja kila wiki. Mwanafunzi aseme dakika 3, aulizwe maswali na mwenzake wa idara nyingine, ajirekodi kwa simu, ajisikilize, kisha arudie. Woga hauondolewi kwa kuambiwa "jiamini". Hupungua kila mara mtu anaposimama tena. Halafu aseme kwa Kiswahili au Kiluhya. Anayetafiti magugu ya striga yanayonyonya mahindi amweleze mkulima wa Butere. Maswali ya mkulima yatamwandaa kwa ya profesa.

Wasimamizi, msingoje wiki ya utetezi ndipo muwasikie wanafunzi wenu wakisema. Wapeni jukwaa tangu muhula wa kwanza. Utafiti unaogharimiwa na jasho la wazazi na kodi ya wananchi unastahili kuelezwa kwa sauti inayosikika.