Daktari wa Kifilipino anatoka wapi?

Kijana wa Ufilipino anayetaka udaktari haanzi na udaktari. Akimaliza sekondari husoma kwanza shahada nyingine ya miaka minne: biolojia, saikolojia, maabara ya tiba, uuguzi, afya ya jamii. Akishavaa joho la shahada hiyo ndipo anapobisha hodi kwenye chuo cha tiba. Kwetu sisi, tuliozoea kuona mtoto wa Tanzania akitoka kidato cha sita na kuingia moja kwa moja kwenye miaka mitano ya MD, au mwenzake wa Kenya akianza miaka sita ya MBChB, huko ni kupoteza muda.

Mjadala huu hauishi kwenye baraza za Waswahili hapa Ghuba, ambako Mfilipino ni mtu wa kila siku, dukani, hotelini na zaidi ya kote hospitalini. Wengi wetu tumeshaamua kwamba kila Mfilipino mwenye sare ya hospitali ni nesi, na kwamba akiandikwa "Dr." kwenye beji basi ni nesi aliyepandishwa cheo. Sivyo. Safari ya kinyume, ya daktari kugeuka nesi, ndiyo iliyotokea, tena kwa wingi, na nitaifikia. Lakini haieleweki bila kujua daktari huyo alipikwa vipi na nani.

Mlango wa chuo cha tiba una mtihani wake, NMAT, ulioanza mwaka 1985. Matokeo yake hayaonyeshi ulipata maswali mangapi. Yanaonyesha umewapita wenzako wangapi: aliyepata 90 amewapita asilimia 90 ya waliofanya mtihani pamoja naye. Tume ya Elimu ya Juu imeweka kima cha chini cha 40, na kila chuo kina uhuru wa kupanda juu ya hapo. Chuo Kikuu cha Ufilipino kilichoko Manila hutaka 90 na kuendelea. Chuo hicho kina pia mlango wa uani, maarufu kwa jina la INTARMED, uliofunguliwa 1982: vijana wapatao 40, vinara wa mtihani wa kuingia chuo kikuu, huchukuliwa moja kwa moja kutoka sekondari na kukamilisha kila kitu kwa miaka saba, mafunzo ya vitendo yakiwemo. Wengine wote wanakwenda njia ndefu, na wengi wanakwenda kwenye vyuo binafsi, kwa sababu kati ya vyuo vya tiba zaidi ya 50 vya nchi hiyo, vya serikali ni vichache. Ada ya chuo binafsi ni mamia ya maelfu ya peso kwa mwaka. Tuiweke akilini hiyo ada, maana ndiyo itakayoeleza mengi huko mbele.

Njia hii ndefu ni ya Kimarekani. Wahispania walitangulia: Chuo Kikuu cha Santo Tomas kilianzishwa Manila mwaka 1611, na kitivo chake cha udaktari kikafunguliwa 1871. Hapo ndipo aliposoma José Rizal, shujaa wa taifa, kabla ya kwenda Madrid kumalizia udaktari na kisha Paris na Heidelberg kujifunza tiba ya macho. Watu humkumbuka kwa riwaya zake na kwa kupigwa risasi na Wahispania tarehe 30 Desemba 1896, lakini kazi iliyompa riziki ilikuwa ya macho, na mama yake mzazi alikuwa mmoja wa wagonjwa aliowapasua mtoto wa jicho. Nimemtaja kwa sababu kwenda nje kumalizia masomo kumekuwamo katika udaktari wa Kifilipino tangu mwanzo, kwa hiyo tusidhani kulianza na mishahara ya dola.

Wamarekani walipoichukua nchi walijenga upya. Chuo cha tiba cha serikali kilianzishwa kwa sheria ya 1905 na kupokea wanafunzi 1907, mkuu wake wa kwanza akiwa Mmarekani, Paul Freer. Baadaye kikaingizwa ndani ya Chuo Kikuu cha Ufilipino, na hospitali yake ya kufundishia, Philippine General, ikaanza kupokea wagonjwa 1910. Masomo yakawa kwa Kiingereza, vitabu vya Marekani, mpangilio wa Marekani: shahada kwanza, udaktari baadaye, ubingwa kwa kukaa hospitalini. Mpangilio huo umebaki hadi leo. Kwa hiyo mtu anayeuliza kwa nini daktari wa Manila huelewana haraka na hospitali ya Chicago kuliko yule wa Dar es Salaam, jibu limo ndani ya silabasi ya 1907.

Ndani ya chuo, miaka mitatu ya kwanza ni ya darasani zaidi, na wa nne ni wa wodini. Mwanafunzi wa mwaka wa nne huitwa klaki, na ngazi ya klaki iko chini ya kila mtu hospitalini isipokuwa mgonjwa, na hata hapo kuna ubishi. Ndiye anayetoa damu, anayekimbiza vipimo maabara, anayesukuma kitanda, anayeandika historia ya mgonjwa kabla daktari hajafika. Akihitimu hupata cheti cha udaktari lakini bado hana ruhusa ya kutibu: kuna mwaka mzima wa mafunzo kwa vitendo, akizunguka upasuaji, magonjwa ya ndani, watoto, uzazi na afya ya jamii. Zamu huja kila baada ya siku tatu na hudumu usiku kucha, na asubuhi yake kazi inaendelea. Zamu iliyofurika wagonjwa wao huiita toksiki. Na kuna mwiko ambao hata maprofesa huuheshimu: pancit, tambi zao za kukaanga, haziliwi zamuni, kwani zinavuta wagonjwa. Nina shaka na sayansi yake, ila sijaona Mfilipino aliyekuwa tayari kuijaribu.

Kisha unakuja mtihani wa leseni. Sheria mama ni ya 1959, Sheria ya Jamhuri namba 2382, na imerekebishwa hapa na pale bila kubadilishwa kiini. Mtihani ni wa siku nne, masomo 12, matatu kwa siku: anatomia, fiziolojia, baiokemia, mikrobiolojia, patholojia, famakolojia, magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto na lishe, uzazi na magonjwa ya wanawake, kinga na afya ya jamii, na udaktari wa kisheria. Ili kufaulu unahitaji wastani wa 75, na hakuna somo hata moja linaloruhusiwa kushuka chini ya 50. Hapo ndipo wengi huchinjiwa. Daktari mzuri wa wodini aliyesahau mizunguko ya kemia ya mwili ya mwaka wa kwanza anaweza kubwagwa na somo moja. Ndiyo maana kati ya kumaliza mafunzo ya vitendo na kuingia mtihani kuna miezi ya kujifungia, na biashara nzima ya vituo vya marudio inayoishi kwa hofu hiyo.

Matokeo hutangazwa hadharani, majina yote, na kumi bora huorodheshwa kwa alama na chuo walichotoka. Chuo chenye jina kwenye orodha hiyo hutundika bango getini siku hiyo hiyo. Mji alikozaliwa kijana huyo nao hutundika lake. Ni heshima ambayo kwetu huwaendea wanasiasa na wachezaji mpira.

Anayetoa leseni ni Tume ya Udhibiti wa Taaluma, iliyoundwa 1973. Kwetu madaktari wana baraza lao, lakini tume hii inabeba taaluma nyingi kwa pamoja, kuanzia wahandisi na wahasibu hadi walimu, na ndani yake kuna bodi ya udaktari inayotunga na kusahihisha mtihani. Kadi yake huhuishwa kila miaka mitatu. Kwenye karatasi ya dawa ya daktari wa Kifilipino utakuta namba ya leseni hiyo, namba ya stakabadhi ya kodi ya taaluma anayolipa kila mwaka, na kama anaandika dawa za kulevya zinazodhibitiwa, kibali kingine kiitwacho S2. Sheria ya 1959 ina pia kifungu kinachomruhusu waziri wa afya kuwapa kibali cha muda wahitimu wasio na leseni wakati wa mlipuko wa ugonjwa au dharura ya taifa. Mwaka 2020, korona ilipoingia, kifungu hicho kilitolewa kabatini.

Jambo moja huwachanganya wageni. Leseni ya tume ni moja tu, ya udaktari kwa jumla. Ubingwa hautoki serikalini. Daktari akishapata leseni huomba nafasi ya ukaazi katika hospitali ya mafunzo, miaka mitatu kwa magonjwa ya ndani au ya watoto, mirefu zaidi kwa upasuaji, kisha hufanya mtihani wa chama cha mabingwa wa fani yake. Zile herufi ndefu zinazofuata jina lake kwenye kibao cha mlango zimetoka kwa vyama hivyo.

Sasa hesabu umri. Miaka minne ya shahada, minne ya tiba, mmoja wa vitendo, miezi ya marudio, mitatu hadi mitano ya ubingwa. Mtu amevuka miaka thelathini, familia imeuza shamba, na mshahara wa hospitali ya wilaya haulipi hata riba ya kilichotumika. Upande wa pili kuna Marekani, iliyofungua mlango wa programu ya kubadilishana wataalamu mwaka 1948, ikaupanua kwa sheria ya uhamiaji ya 1965, kisha 1976 ikawabana madaktari wa kigeni kwa sheria mpya na mitihani migumu zaidi. Wauguzi walibaki na njia nyepesi. Matokeo yake yalionekana wazi mwanzoni mwa karne hii: madaktari waliokwisha kupata leseni, wengine mabingwa, wakarudi darasani kusomea uuguzi ili wapate viza.

Kisa kilichoitikisa nchi ni cha 2004. Kijana kutoka Basilan, kisiwa maskini cha kusini kilichokuwa na vita, aliongoza mtihani wa leseni wa taifa zima, kisha akasema anakwenda Marekani kufanya kazi ya unesi. Magazeti yalimlaani. Wengine wakauliza, kwa haki kabisa, taifa lilikuwa limemwandalia nini Basilan. Alikwenda, na alikuwa miongoni mwa kundi la wauguzi wa Kifilipino waliogombana na mwajiri wao New York hadi wakafunguliwa mashtaka ya jinai kwa kuacha kazi, mashtaka ambayo mahakama ya rufaa iliyazuia 2009. Mimi simlaumu. Huwezi kumdai kijana uzalendo wa gharama ambayo serikali haikuichangia.

Wanaokuja Ghuba hufuata njia nyingine. Hapa leseni ya Manila inatambuliwa, ila vyeti vyote huhakikiwa huko vilikotoka, uzoefu wa kazi huhesabiwa, na kuna mtihani wa kompyuta ambao kila mtu huuita Prometric. Marekani haihesabu hivyo: bingwa wa miaka kumi akitaka udaktari huko kwa kawaida hufanya mitihani ya USMLE na kurudia ukaazi kama kijana wa jana.

Na kwa wazazi wa kwetu wanaoletewa vipeperushi na mawakala wa vyuo vya Manila na Davao, neno la pembeni. Mgeni anaruhusiwa kusoma udaktari kule, na Wahindi wamekuwa wakienda kwa maelfu. Lakini katiba ya 1987 imeweka taaluma mikononi mwa raia, isipokuwa pale sheria inaporuhusu, na kwa kawaida mgeni hupewa nafasi pale tu nchi yake inapowapa Wafilipino nafasi kama hiyo. Kusoma kule hakukupi haki ya kutibu kule. Muulize wakala swali hilo kabla ya kulipa, na uliulize pia baraza la madaktari la nyumbani.

Majaribio ya kuwabakiza nyumbani yamekuwa mengi. Waziri wa afya Juan Flavier alianzisha mwaka 1993 mpango wa kupeleka madaktari kwenye wilaya zisizo na hata mmoja. Mwisho wa 2020 ilipitishwa Sheria namba 11509, inayolipia masomo ya udaktari na kumdai mhitimu mwaka mmoja wa utumishi kwa kila mwaka aliosomeshwa.

Lakini kilichonivutia zaidi kiko Palo, kisiwani Leyte. Mwaka 1976 Chuo Kikuu cha Ufilipino kilianzisha kisiwani humo shule ya afya ya ngazi. Mwanafunzi hateuliwi kwa mtihani pekee, hupendekezwa na kijiji chake. Anaanza na ukunga. Akihitimu anarudi kijijini kufanya kazi, na kijiji kikiridhika kinamrudisha shuleni kusomea uuguzi. Anarudi tena kazini, na baadhi hupanda hadi udaktari. Anayeishia njiani haishii mikono mitupu: ni mkunga au muuguzi kamili mwenye kazi. Tanzania iliwahi kuwa na ngazi inayofanana, ya afisa tabibu kupanda kuwa daktari msaidizi aliyefanya upasuaji wa uzazi katika wilaya zisizo na daktari, na wanaoikumbuka wataielewa Palo bila mkalimani. Kimbunga Haiyan kiliibomoa shule hiyo Novemba 2013. Masomo yaliendelea, na tayari ilikuwa na matawi Baler na Koronadal. Sheria ya 2020 humfunga kijana kwa mkataba na serikali, ambao mwenye fedha anaweza kuuvunja na kulipa. Wa Palo amefungwa na majirani waliomchagua, na hao hawana akaunti ya kulipia deni.