Watoto Wanaoupima Moto

Tarehe 7 Februari 2009 joto mjini Melbourne, Australia, lilifika nyuzi 46.4. Moto kichaa uliozuka siku hiyo katika jimbo la Victoria uliua watu 173. Katika kijiji cha Strathewen, shule ya msingi iliteketea yote. Ilijengwa upya, na baadaye wanafunzi wa darasa la tano na la sita wakaanza kuusoma moto kisayansi, wakiongozwa na wazimamoto wa kujitolea wa hapohapo.

Kuna watakaoona ni ukatili kuwarudisha watoto kwenye msiba wa kijiji chao. Mimi naona ukatili ni kuwaacha gizani, maana mtoto asiyejua mwenendo wa moto huhofia kila moshi, na siku ya hatari yenyewe hajui aelekee wapi.

Chukua jaribio la njiti za kiberiti, ambalo walimu hulifanya uwanjani, ndoo ya maji ikiwa pembeni. Njiti huchomekwa kwa mistari kwenye udongo wa mfinyanzi uliotandazwa juu ya ubao. Ubao ukilala sawa, mara nyingi moto husuasua, pengine ukafa njiani. Ukiinuliwa upande mmoja na kuwashwa kutoka chini, njiti zinalipuka mstari baada ya mstari. Mwali umeinamia mlima, kwa hiyo njiti za juu zinapashwa joto na kukauka kabla hata hazijaguswa. Wazimamoto wa Australia wana kanuni yao: mwinuko ukiongezeka nyuzi 10, kasi ya moto unaopanda huwa maradufu, kwa nyuzi 20, mara nne. Mtoto ambaye kwao ni juu ya kilima chenye mikaratusi hapo chini hahitaji kuambiwa mara mbili kwa nini wazazi wake wahame mapema. Moto uliowaka Kilimanjaro Oktoba 2020 ulikuwa kwenye miteremko, na huko pia kanuni ni hiyohiyo.

Kazi nyingine inataka mizani na oveni tu. Majani yaliyookotwa msituni yanapimwa, yanakaushwa, yanapimwa tena. Yakiwa gramu 100 na kubaki 80, maji yaliyotoka ni gramu 20. Zigawe kwa 80, unapata unyevu wa asilimia 25. Majani hayo hayashiki moto kirahisi. Yakishuka chini ya asilimia 10, cheche moja yatosha. Zipo shule zinazounda vipima joto na unyevunyevu kwa kompyuta ndogo za kufundishia, na ni kazi nzuri, lakini kwangu mizani inatangulia, kwa sababu mtoto ameyashika yale majani kwa mkono wake.

Somo gumu kuliko yote ni la upepo. Siku ile ya 2009 upepo wa kutoka kaskazini-magharibi uliusukuma moto ukawa ukanda mrefu, mwembamba. Jioni ukageuka, ukavuma kutoka kusini-magharibi, na ubavu wote wa ukanda ule, kilomita kwa kilomita, ukawa ndiyo mbele ya moto. Watu waliodhani umewapita ukawajia. Mwanafunzi mwenye ramani na penseli anaweza kuchora mgeuko huo, kisha akatia alama nyumba zitakazofikiwa, ya kwao ikiwemo.